Chupa Moja kwa Watu Watano

 Mpwa wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikicheka peke yangu jikoni. Unasema wenzako wa maabara hapo Madison wamekualika Jumamosi kuonja bia, na bia yenyewe ni ile nyeusi ya huku kwetu Chicago, inayolazwa kwenye mapipa ya wiski mpaka inakuwa kali kama mvinyo. Unauliza, "Mjomba, ile kitu inanywewaje, nisije nikaonekana mshamba?" Swali ni zuri, nina ugomvi na neno la mwisho tu. Mshamba ni yule anayeinywa bila kuuliza. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Tumalize kwanza ya nyumbani. Una miaka 24 na sheria ya Marekani inataka 21, kwa hiyo na serikali huna neno. Mama yako anajua, maana mimi na dada yangu hatufichani. Na kama kati ya wenzako yumo ambaye dini yake, dawa anazotumia au nafsi yake tu haitaki pombe, usimsogezee glasi hata kwa utani. Mpikie chai ya tangawizi akae nanyi. Mara nyingi mtu huyo ndiye anayejua funguo za gari ziko wapi.

Sasa nikusimulie ushamba wangu. Nilifika mji huu mwaka 1989, na kwa miaka mingi bia kwangu ilikuwa kitu cha kushushia joto baada ya kazi, basi. Bia hii ilipoanza kuonekana madukani, chupa zake zilikuwa ndogo, zikiuzwa nne nne. Mwenzangu kazini alinipa mbili za Krismasi. Nikazisukuma nyuma kabisa ya friji, kule ambako hata maziwa huganda. Januari, rafiki yangu aliyekuwa anakaa kusini mwa mji akatualika kutazama mpira, nikaenda nazo mfukoni mwa koti. Nikafungua ya kwanza, nikapiga tarumbeta. Nilichosikia ni baridi ya chuma, halafu moto kooni, halafu kitu kama sukari iliyoungulia sufuriani. Nikajisemea, bia gani hii. Ya pili niliimaliza kwa ubishi, nisionekane nimeshindwa.

Kurudi, nikapanda treni ya Red Line. Kituo changu kilikuwa Argyle. Joto la behewa likanibembeleza kama mtoto wa mgongoni. Nilipoamshwa nilikuwa Howard, mwisho wa reli upande wa kaskazini, saa saba usiku, glavu moja haipo, na upepo wa ziwani unatafuta masikio yangu. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, simlaumu mtu. Lakini linaloniuma mpaka leo si ile baridi. Ni kwamba ukiniuliza chupa zile mbili zilikuwa na ladha gani, sina la kukujibu.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu mmoja, seremala mstaafu, mzee wa Kipolandi. Uani kwake alikuwa na nusu pipa alilopandia nyanya. Mapipa ya wiski yakichoka hukatwa katikati yakauzwa kwa watu wa bustani, na wewe umeyaona hapo Madison yamejaa maua bila kujua yalikuwa nini. La kwake lilipolegea pete akalibomoa, akaniletea ubao mmoja jikoni. Upande wa nje ulikuwa wa kijivu kama mti wowote wa siku nyingi. Upande wa ndani ulikuwa mkaa mtupu, umepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Akaukata kwa msumeno, akanionyesha pale ulipokatwa. Chini ya mkaa, ndani kidogo ya mti, palikuwa na mstari wa wekundu wa kahawia, umenyooka, kama alama ambayo mafuriko huiacha ukutani yakishapungua. "Hapo ndipo wiski ilipofika," akasema. Kisha akanisogezea ubao puani. Mti ule ulikuwa umenyeshewa mvua na theluji, umekaa na mbolea, na bado ule mkato mpya ulinukia vanila.

Vanila hiyo haikutiwa na mtu. Imo ndani ya mti. Mwaloni ukiunguzwa, moto unavunjavunja kile kinachoshikilia nyuzi za mti, na katika vipande vinavyobaki kimo kilekile kinacholipa tunda la vanila harufu yake, vanila hiyohiyo wanayoilima ndugu zetu wa Bukoba na Uganda. Mwaloni mweupe wa Marekani una pia kitu kingine kinachonukia nazi. Kwa hiyo Jumamosi ukisikia nazi ndani ya bia, usidhani umelewa.

Na kwa nini mapipa hayo yanamfikia mpishi wa bia? Kwa sababu ya sheria. Wiski ya Bourbon haiitwi Bourbon mpaka mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka yake, na mpaka ilazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani. Vipya. Pipa likishatumika mara moja, kwa Bourbon limestaafu, ingawa ubao wake bado una nguvu na umenyonya wiski ya kutosha. Ndiyo maana Kentucky, ambako sehemu kubwa ya Bourbon hutoka, hakuishi mapipa ya mtumba, kila moja la lita 200 hivi. Waskoti huyanunua wakalaza humo wiski yao. Wenye sosi za pilipili huyataka. Na wapishi wa bia nao wakajifunza kupanga foleni.

Huku Chicago habari hiyo inaanzia Goose Island, baa yenye mitambo yake ya bia iliyofunguliwa na John Hall mwaka 1988 mtaa wa Clybourn. Miaka ya 1990 mwanawe Greg, aliyekuwa mpishi mkuu, alikutana na Booker Noe, mzee wa wiski wa Jim Beam na mjukuu wa huyo Jim Beam mwenyewe. Katika mazungumzo yao likaja wazo la mapipa. Greg akapika bia nyeusi nzito, nzito kuliko walivyozoea, maana alijua nyepesi ingemezwa na mti ule. Akaijaza kwenye mapipa yaliyotoka kumwaga wiski, akaiacha. Wakaiita Bourbon County. Siku hizi ni viwanda visivyohesabika vinavyofanya hivyo, Marekani na kwingineko, lakini wapishi wengi hupenda kutaja jina hilo wanapoulizwa walianzia wapi.

Mwaka 2011 kampuni ile iliuzwa kwa wenye Budweiser kwa dola milioni 38.8. Wengi hapa mjini walinuna, na mimi nilinuna nao, mwaka mzima sikuigusa. Baadaye nikajiuliza ninamnunia nani. Wenzako wakianza mjadala huo Jumamosi, waache waongee, wewe nusa glasi yako.

Bia nyeusi kali yenyewe ina umri mkubwa kuliko hayo yote. Karne ya 18 viwanda vya London vilikuwa vikiipika kwa nguvu na kuipeleka kwa meli mpaka Urusi, kwenye meza za jumba la malkia Catherine. Ndiyo maana mpaka leo wanaiita ya kifalme. Ni bia ya nchi ambazo jua linatua saa kumi jioni.

Lakini wewe usiende kama mgeni wa London wala wa Chicago. Wewe ni mjukuu wa bibi aliyepika mbege, na kazi yake uliiona kwa macho. Ulezi unaloweshwa, unaachwa uchipue, unakaushwa, unasagwa. Hicho ni kimea, na hao wanaofanya hivyo kwa shayiri wanafanya kilekile. Mbegu ikichipua hujiandalia sukari ya kukulia, mpishi akaiwahi kabla haijaitumia. Bibi alitumia na ndizi mbivu zilizochemshwa kutwa. Wao shayiri huikaanga, nyingine mpaka inakuwa nyeusi kama kahawa iliyosahaulika kikaangoni, ndiko unakotoka weusi ule. Uchungu bibi aliutafuta kwenye gome la msesewe, wao huutafuta kwenye maua ya mmea unaoitwa hopsi. Tofauti kubwa ni saa. Mbege ikishaiva haina subira, ukichelewa siku chache imechachuka. Hii ya pipa inakaa karibu mwaka, inapita baridi ya Januari na joto la Julai. Joto linaisukuma ndani ya ubao, baridi inairudisha, na kila ikirudi inatoka na kitu.

Umekumbuka pia kata ilivyokuwa inazunguka? Aliyepika anaonja kwanza mbele ya wageni, kisha wazee, kisha kata inashuka. Hakuna aliyejifungia na kata yake pembeni. Shika hapo, maana ndiyo kanuni ya kwanza ya Jumamosi, na hesabu yake nimekufanyia.

Chupa tuichukue ya nusu lita. Ukali hubadilika kila mwaka, tuseme asilimia 14. Maana yake ndani yake mna mililita 70 za kilevi kitupu. Bia yetu ya kawaida ya nusu lita, ya asilimia 5, ina 25. Kwa hiyo mtu akimaliza chupa ile peke yake amekunywa karibu bia tatu kubwa za nyumbani, na amezinywa kwa kitu kitamu, kilaini, kisichomwonya. Kwa kipimo cha Marekani, kinywaji kimoja ni gramu 14 za kilevi, na chupa hiyo inakaribia vinne. Igawe kwa watu watano. Kila mmoja mililita 100, kama kikombe kidogo cha kahawa, na kila mmoja hajafikisha hata kinywaji kimoja. Hapo sasa mnaweza kufungua chupa ya pili, na ya tatu, mkalinganisha, na akili bado ziko mezani. Kama kila mtu anakuja na chupa yake na anataka kuimaliza, basi hiyo si kuonja, ni msiba unaoutafuta mwenyewe. Wasipokubali kugawana, kunywa chai na yule mwenye funguo.

Ya baridi nayo. Usirudie kosa langu la friji. Ulimi uliogandishwa hausikii kitu, na harufu haipandi kutoka kwenye kitu cha baridi. Itoeni kama saa nzima kabla, ifike nyuzi 13 hivi.  Tena uonje mwanzo ikiwa bado ya baridi kidogo, na mwisho ikiwa imepata joto la kiganja chako, utaona ni kama bia mbili.

Glasi iwe ndogo, yenye tumbo pana na mdomo uliobana, uishike tumboni. Hamna? Glasi ya mvinyo inatosha. Kikombe cha plastiki kinachonuka sabuni hakitoshi. Mimina polepole. Povu litakuwa la rangi ya chokoleti ya maziwa na litakaa kidogo tu kisha litaondoka. Msilalamike, ukali ule huliua. Inua glasi uitazame kwenye taa, hutaona upande wa pili. Izungushe, uone inavyoacha utando ukutani mwa glasi na kushuka kwa uvivu, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi.

Halafu usinywe.

Hapa ndipo vijana mnaposhindwa. Nusa kwanza. Usiingize pua yote mara moja, mvuke wa kilevi utakuchoma na hutasikia kingine kwa dakika tano. Anza glasi ikiwa usawa wa kidevu. Ngoja ije yenyewe. Mimi cha kwanza kunijia huwa ni vanila na ile harufu ya ubao wa jirani. Kisha chini yake inakuja kahawa, na si kahawa ya dukani, ni ile ya kwetu ikikaangwa kwenye chungu, dakika ile inapoanza kutoa moshi na bibi anapiga kelele kwamba unaiunguza. Toa pua, vuta hewa ya kawaida, rudi. Kila ukirudi utakuta mwingine amefika. Tende. Zabibu kavu. Tumbaku ambayo haijawashwa. Dakika kumi kwa harufu peke yake si nyingi.

Sasa chukua funda, dogo, la kulowesha ulimi tu. Liache litambae mpaka pembeni na nyuma. Utamu utatangulia, kama sukari guru. Kisha uchungu wa kimea kilichoungua. Ukimeza, pumua nje kwa pua, ndipo Bourbon itakapojitokeza na kukupasha joto kifuani. Funda la kwanza huwa la kuuzoesha mdomo, usilihukumu. Hukumu ya funda la pili ndiyo ya kweli. Kati ya chupa na chupa, kunywa maji, tena mengi, na tafuna kipande cha mkate mtupu. Na kuleni kabla. Chakula cha maana, si bisi.

Watakuletea karatasi yenye orodha ya maneno ya Kiingereza, uweke alama. Weka ukipenda, lakini moyoni onja kwa Kiswahili, maana lugha yako ina vipimo vyake. Kuna uchungu, na kuna ukakasi, na hivyo si kitu kimoja. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni ule wa bibo, wa ndizi mbichi, unaokaza mashavu na kukausha meno. Unatokana na mti. Bia iliyokaa pipani kupita kiasi utaijua kwa ukakasi kabla hujaambiwa. Kuna ukali, na kuna kuwasha. Kuna utamu, na kuna kukinaisha, ambako ni utamu usiojua kuaga. Kuna uchachu, na huo kwenye bia hii ukiusikia, simama. Mwaka 2015 baadhi ya chupa za Bourbon County zenyewe ziliingiwa na bakteria zikachachuka, kiwanda kikatangaza kurudisha fedha za watu, na tangu hapo bia hiyo hupitishwa kwenye moto wa haraka kuua vijidudu kabla ya kutiwa chupani. Ukisikia boksi lililolowa, hewa imeiingilia. Ukisikia sosi ya soya ya mkahawa wa Kichina, chupa imezeeka vibaya. Sema. Usiogope kwa sababu mwenye chupa aliinunua ghali. Sema kwa adabu, lakini sema.

Na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo, mengine yalikuwa kusafisha njia. Pipa ni mzungumzaji. Ukiliacha, litaongea peke yake usiku kucha. Wengi wanaosifia bia hizi wanasifia wiski iliyobaki ubaoni, wakadhani wamesifia mpishi. Nimeonja nyingi, nyingine za bei ya kutisha, ambazo ukiondoa vanila na ule moto wa Bourbon hakuna kitu chini, maji ya sukari yaliyovaa suti ya kuazima. Mpishi dhaifu hujificha nyuma ya pipa. Kwa hiyo glasi ikiwa nusu, pua imeshazoea vanila na haikushtui tena, jiulize: bia iko wapi? Mtafute yule aliyekaanga shayiri. Ukimkuta, ukasikia kahawa na chokoleti chungu vimesimama kwa miguu yao na mti umewashika bega tu, hiyo ni bia. Usipomkuta, mshukuru mwenyeji, na mwaka mwingine nunua Bourbon yenyewe, itakugharimu kidogo na haitakudanganya.

Kuna njia nyepesi ya kulijua hili. Mwambie mmoja wenu aje na bia nyeusi kali ya kawaida, isiyopita pipani. Onjeni hiyo kwanza. Nyepesi itangulie nzito, siku zote, la sivyo ulimi ukishapakwa hautasikia ya pili. Mkimaliza ndipo mfungue ya pipa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi ya ubao, na mkishaijua hamtaisahau.

Sasa niseme kidogo juu ya foleni, halafu nikuache. Bourbon County hutoka Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Shukrani, na miaka kadhaa nimeona vijana wamelala nje ya maduka kwenye viti vya kukunja, wamejifunika mablanketi, theluji inawadondokea. Wengine wanaipenda kwa dhati. Wengine asubuhi hiyohiyo wanaiuza kwa bei mara mbili. Na wapo wa kundi la tatu, ambao hunihuzunisha zaidi: wananunua, wanapiga picha, wanapanga kabatini, mwaka wa nane chupa hazijafunguliwa na wao wanaendelea kununua. Nilimjua mmoja aliyekuwa na chumba kizima. Nilimtembelea mara tatu, mara tatu akanionyesha lebo. Hatukuwahi kuonja hata tone. Bia hii inavumilia kukaa, kweli, mahali pa giza na ubaridi, chupa imesimama wima. Mwaka mmoja, miwili, mitatu huwa inatulia, ule moto unakuwa mpole, zabibu zinaongezeka. Lakini haikupikwa ili irithiwe.

Usiku huo usiendeshe gari, usipande baiskeli, na usikatishe juu ya ziwa Mendota kwa sababu eti limeganda na njia ni fupi. Nawajua. Omba blanketi ulale hukohuko sakafuni. Wenzako si wa kuogopwa, na aliyekualika kuonja hawezi kukunyima kona ya kulala.

Jumapili nipigie. Usinipigie asubuhi, nitakuwa kanisani. Jioni. Nataka uniambie ulisikia nini, na ukianza na maneno ya ile karatasi nitakata simu. Niambie kama mkate wa bibi, kama moshi wa jikoni kwetu, kama dawa ya kikohozi, vyovyote, mradi kimetoka kwako. Na uniambie kama ulimkuta mpishi.

Ninayo moja ya mwaka 2019, iko chini ya ngazi, imesimama. Nimeihamisha nyumba mbili. Basi la kutoka Madison hufika hapa kwa saa tatu hivi. Njoo kabla ya Machi, na ulete wenzako watatu.